Nilitoa Elfu Hamsini Faili la Marehemu Lionekane. Je, Nimetenda Dhambi?

SWALI

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama mjane mwenye watoto wanaosoma, mkulima wa viazi huku Rungwe, na nafundisha shule ya Jumapili. Mume wangu alikuwa mtumishi wa umma, alifariki mwaka juzi, na tangu hapo nafuatilia mafao yake. Mara sita nimepanda gari kwenda mjini, mara sita naambiwa faili halionekani. Mara ya saba karani akaniambia nitoe elfu hamsini ya kuwapa vijana walitafute. Nikatoa. Saa sita haijafika faili likaonekana, lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti chake. Kulikuwa na wajane wenzangu wawili ambao tumezoeana pale benchini. Wao hawakuwa na kitu, nikawaacha palepale. Sasa karani huyohuyo anataka asilimia kumi hela ikitoka, la sivyo faili "litarudi kulala". Nilimweleza mzee wetu mmoja wa kanisa, akanifungulia Mithali 18:16, akasema Biblia yenyewe inakubali. Na huyo karani ni mtu wa kanisa, usharika wa jirani, wanamheshimu sana kwa matoleo yake. Je, nilitenda dhambi? Na hiyo asilimia kumi niitoe?

JIBU

Asifiwe, Mama. Nianzie mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo una haraka: usiitoe hiyo asilimia kumi. Sababu nitakupa, na njia ya kupita bila kuitoa nitakupa pia, kwa kuwa kukwambia "usitoe" halafu nikarudi kwenye chai yangu ni kukutwisha mzigo ambao mimi sitaugusa hata kwa kidole. Lile la elfu hamsini ni gumu zaidi, na ndilo nitakalolikalia.

Lakini kwanza huyo mzee wa kanisa, nisije nikamsahau. Mithali 18:16 ipo kweli, inasema zawadi ya mtu humpatia nafasi na kumleta mbele ya watu wakuu. Wahenga wetu nao walisema penye udhia penyeza rupia, na wakasema mkono mtupu haulambwi. Je, walikuwa wanatuagiza tuhonge? Walikuwa wanaisimulia dunia walivyoiona inakwenda, na pengine wakiisikitikia. Anayegeuza kila methali kuwa amri atajikuta ameamriwa aharakishe na akawie siku hiyohiyo. Kitabu hichohicho, sura moja nyuma, 17:23, kinamwita mbaya mtu anayetumia rushwa ya kifuani kupotosha njia za hukumu.

Tena tafsiri zetu zimeficha kitu hapo. Kiebrania kina neno moja la zawadi ya kawaida, matani, nalo ndilo lililo katika 18:16. Kina neno jingine la rushwa, shohadi, lile la Kutoka 23:8 linaposemwa kwamba huwapofusha macho hao waonao. Hilo la pili ndilo lililo katika Mithali 17:8, ila Biblia ya Union imeliandika "kipawa": kipawa ni kama kito cha thamani machoni pake aliye nacho. Rudia maneno manne ya mwisho, Mama. Machoni pake aliye nacho. Anayekiona ni kito ni yeye mwenyewe, jinsi mtu anavyoiamini hirizi aliyoivaa. Mwandishi anamcheka, wala hamsifu.

Kwetu nyanda hizi zawadi si haramu, na sitaki mtu aache kwenda na mkungu wa ndizi anapomtembelea mkwewe. Wanafunzi wangu wa maadili hapa Iringa nilikuwa nawapa kipimo kimoja tu: kesho ukija mikono mitupu, bado unakaribishwa? Kama ndiyo, ile ya jana ilikuwa zawadi. Kama faili linalala, unajua ilikuwa nini. Taifa lenyewe lilijikwaa kwenye mpaka huu. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuruhusu wagombea kutoa kile kilichoitwa takrima, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Neno tamu lilikuwa limevishwa kitu kichungu.

Basi tuje kwenye elfu hamsini.

Angalia amri za Musa zinamsemesha nani. Kutoka 23:8: usipokee. Kumbukumbu 16:19: usitwae. Zote zinaelekezwa kwa aliyekalia kiti. Sijaona Musa anapomgeukia mjane na kumkemea kwa alichokitoa. Kumbukumbu 10:17 inamweleza Mungu mwenyewe kwamba hapendelei nyuso za watu wala hakubali rushwa, na mstari unaofuata unasema huwafanyia yatima na mjane hukumu ya haki. Mistari hiyo miwili haikuwekwa jirani kwa bahati. Kiti kinachokula rushwa mtu wa kwanza kinayemuumiza ni asiye na baba wala mume wa kumsemea, na Mungu wa Israeli anajitambulisha kwa kuwa kinyume cha kiti hicho.

Hii haina maana kwamba mtoaji huwa salama siku zote. Anayetoa ili apewe zabuni asiyostahili, anayetoa ili kesi ya mwanawe ifutwe na binti wa watu abaki na aibu yake, huyo ananunua dhuluma, naye na muuzaji ni kitu kimoja. Ahadi ya mwanachama wa TANU ilizitaja pande zote mbili: rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamshika anayepokea na anayetoa. Nakwambia hili wazi ili usidhani kwamba ukinipata mimi upande wako umeipata na sheria.

Lakini kuna mtu wa tatu, ambaye hanunui dhuluma bali ananyang'anywa akiifuata haki yake. Thomas wa Akwino, yule mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alijibu swali linalokaribiana na lako, ingawa lake lilihusu riba. Je, mwenye shida akimkopa mla riba, naye ametenda dhambi? Akasema kumshawishi mtu ale riba ni dhambi, lakini mwenye shida akimkopa ambaye tayari anaishi kwa riba, mkopaji hahesabiwi dhambi. Amefanana na mtu aliyeangukia mikononi mwa majambazi, akawaonyesha mali yake wasimwue. Akawataja wale watu kumi wa Yeremia 41:8 waliomwambia Ishmaeli, aliyekuwa amewachinja wenzao, asiwaue kwa kuwa wana akiba zilizofichwa shambani. Hakuna anayewaita watu wale watoa hongo.

Mimi naukubali mfano huo, ila naushika kwa uangalifu. Mama aliye kwenye uchungu usiku, anayeambiwa bila elfu kumi hatahudumiwa, huyo yuko mikononi mwa jambazi, atoe, aishi, na asije mtu kumsumbua kwa ungamo. Wewe ulikuwa karibu na hapo, lakini hukufika kabisa. Mara sita umelipa nauli, watoto wanadaiwa ada, na mwenye ufunguo wa kabati ni mmoja. Kwa sehemu kubwa uliibiwa, Mama, na dhambi ya wizi ni ya mwizi.

Ningeweza kuishia hapo na wewe ukalala vizuri. Ila kwenye barua yako kuna sentensi uliyoiandika mwenyewe bila kuulizwa: nikawaacha palepale. Dhamiri yako imeshagundua jambo ambalo mzee wa kanisa hakuligundua, na sitakusaidia kulifunika.

Tazama ile hela ilifanya kazi gani. Faili halikupotea. Lilikuwa nyuma ya kiti. Lilifichwa ili litafutwe, na hao vijana wa kulitafuta hawakuwepo. Karani hakukuuzia kazi yake. Alikuuzia kuondolewa kwa gogo alilolilaza njiani kwa mikono yake. Na biashara ya namna hiyo haiendi bila benchi. Lazima wawepo watu waliokaa, wanaoonekana wamekaa, wenye sura za kuchoka, ili anayekuja na elfu hamsini mfukoni aone kitakachompata asipoitoa. Benchi ndilo duka lenyewe, na wale wajane wawili ndio bidhaa iliyopangwa mbele. Kila anayelipa na kuondoka anamhakikishia muuzaji kwamba bei ni sahihi. Kwa hiyo uliibiwa, ndiyo, na palepale ulipoibiwa ukasaidia kupanga bei ambayo wenzako hawaiwezi. Yote mawili ni kweli. Kama kuna dhambi ya kutafuta, usiitafute kwenye noti ulizotoa, itafute benchini.

Nabii Amosi aliliona benchi hilo, yeye aliliita lango. Miji ya Israeli ilikata mashauri langoni, wazee wakiwa wamekaa, na katika 5:12 analalamika juu ya wapokeao rushwa na kuwageuza wahitaji langoni wasipate haki yao. Wahitaji wale hawakupigwa wala hawakufungwa. Waligeuzwa tu. Njoo kesho. Faili halionekani. Na alisema hayo katika karne ya nane kabla ya Kristo, siku za Yeroboamu wa pili, nchi ikiwa na neema, watu wana nyumba za wakati wa baridi na nyumba za wakati wa hari, na ibada pale Betheli zimejaa. Mkuu wa ibada, Amazia, alimwambia arudi kwao Yuda akale mkate huko na kutabiri huko. Kumbe mchunga mifugo kutoka Tekoa alikuwa ameharibu Jumapili ya watu.

Na wewe wa viazi unajua sehemu nyingine ya kitabu chake kuliko sisi wa vitabu. Sura ya 8 inawataja wafanyabiashara wanaoipunguza efa na kuiongeza shekeli: kipimo cha kuuzia wanakikata, jiwe la kupimia fedha wanalitia uzito. Huku kwetu hila imegeuzwa ndani nje. Mnunuzi ndiye anayeongeza kipimo. Sheria inakataza gunia lizidi kilo 100, lakini lori limefika shambani, barabara imeanza kuteleza, mvua nyingine inaonekana juu ya Uporoto, na gunia linashonewa kichwa mpaka linakuwa lumbesa, kwa bei ileile ya gunia moja. Hapo hakuna bahasha wala karani. Ila mwenye lori anajua alichokijua karani: huyu mama hana pa kwenda.

Kwa hiyo ninapofundisha juu ya haki katika jamii siishii kwenye mikono safi. Mtu anaweza asipokee senti moja maishani mwake na bado akatajirika kwa watu wasio na pa kwenda. Mimi ni Mlutheri, lakini nawapa Wakatoliki haki yao: Papa Leo XIII katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891 (mwaka uleule Wamoraviani walipofungua misheni yao Rungwe) aliandika kwamba mfanyakazi akikubali masharti mabaya kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ametendewa kwa nguvu na kudhulumiwa, hata kama ametia sahihi. Kukubali kwa aliyebanwa si kukubali. Lisome hilo ukikumbuka elfu hamsini yako, halafu lisome tena ukikumbuka gunia.

Sasa kwa nini nakataza asilimia kumi wakati elfu hamsini naihurumia? Kwa sababu hali imebadilika. Faili sasa linajulikana lilipo, na wewe umeliona kwa macho. Mwizi aliyekuvizia mara ya kwanza ulikuwa humjui. Huyu sasa anakwambia siku, mahali na kiasi. Ukikaa chini ukakubaliana naye asilimia, tayari ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Tena una muda, kitu ambacho aliyeshikwa na majambazi hana.

Mtume Paulo alipewa nafasi kama hiyo. Matendo 24: amefungwa Kaisaria, liwali Feliki anajua hana hatia ya maana, lakini hamfungui. Mstari wa 26 unasema sababu bila kuzunguka: alitumaini kwamba Paulo atampa fedha, kwa hiyo alimwita mara nyingi akaongea naye. Unalitambua hilo, Mama? Kuitwa mara nyingi. Na Feliki alijuaje kwamba mfungwa huyu ana fedha? Paulo mwenyewe alikuwa amesema katika utetezi wake, mstari wa 17, kwamba alikuja Yerusalemu kuleta sadaka kwa watu wa taifa lake. Liwali akasikia neno sadaka, masikio yakasimama. Alikuwa akiitamani michango iliyochangwa kwa ajili ya maskini. Paulo hakutoa. Akakaa ndani miaka miwili, na Feliki akaondoka akimwacha kifungoni.

Wahubiri wengi huishia hapo, tunapigiwa makofi. Lakini soma sura ya 25. Alipokuja liwali mwingine, Festo, na kutaka kumpeleka Yerusalemu, Paulo alisema nataka rufani kwa Kaisari. Alikuwa raia wa Rumi, aliijua haki yake, akaitumia. Kule Filipi pia, Matendo 16, walipotaka kumtoa gerezani kimyakimya baada ya kumpiga, alikataa, akawataka wakubwa waje wenyewe. Kukataa kutoa rushwa hakukumfanya akae tu akisubiri malaika.

Na yule mjane wa Luka 18 wewe unamfundisha kila mwaka shule ya Jumapili. Kadhi hamchi Mungu wala hajali watu, maana yake hana kona ya huruma ya kumshikia. Mjane hana hela. Anashinda kwa nini? Kadhi mwenyewe anasema: kwa kuwa mjane huyu ananiudhi, nitampatia haki yake, asije akanichosha. Kwa Kigiriki hilo la kuchosha ni neno la ngumi, kumvimbisha mtu chini ya jicho. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Mwanamke huyu hakuwa na rupia, akaamua yeye mwenyewe awe udhia.

Sasa wewe utakuwaje udhia? Kwanza, hela yoyote utakayoombwa, omba kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, ile unayolipia kwa simu au benki ukapata risiti. Ikiwa na namba, ni ada, ilipe. Ikikosa namba, imeshajieleza yenyewe. Pili, acha kwenda kwa mdomo. Andika barua kwa mkuu wa ofisi, taja tarehe zote saba ulizokwenda, peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani anayeweza kulaza faili hawezi kuilaza nakala iliyo kwenye mkoba wako. Ukihitaji mkono wa kuandika, wapo wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mambo ya mirathi na wajane ndiyo chakula chao cha kila siku. Ulizia ustawi wa jamii pale halmashauri.

Tatu, TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa. Wapo wilayani kwako, na namba ya simu ya bure ni 113. Nenda kabla hela haijatoka, siyo baada. Anayeripoti ombi la rushwa kabla hajatoa anasimama vizuri kuliko anayeeleza alichokwisha kutoa, na wao wana namna yao ya kuandaa mtego ukifika wakati huo. Watakuuliza na ile ya mwanzo. Sema ukweli, na ikiwezekana uwe umekaa na msaidizi wa kisheria kwanza akuelekeze. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sitakudanganya kwamba sheria kwenye karatasi inamlinda mtu kama ukuta. Ndiyo maana nasema usiende peke yako.

Na hapo ndipo nina ugomvi na sisi wachungaji. Paulo alikaa miaka miwili, lakini Paulo hakuwa na mtoto wa kidato cha pili. Kanisa linalosimama madhabahuni na kusema usitoe rushwa, kisha linamwacha mjane alipe peke yake gharama ya kutokutoa, limejiweka kwenye Mathayo 23:4, linafunga mizigo mizito. Kutokutoa kuna bei: nauli nyingine tatu au nne, ada iliyochelewa, mbegu ya msimu iliyokosekana. Bei hiyo ni ya usharika, siyo yako. Mpelekee mchungaji wako barua hii kama ilivyo. Umoja wa wanawake watoe mama wawili wa kukusindikiza kila siku ya safari, wavae vitenge vyao vya umoja, wakae benchini wakiimba kwa sauti ya chini ikibidi. Mfuko wa diakonia, ule wa kusaidia wahitaji, ulipe nauli. Kama mfuko hauna kitu, basi wiki moja tusinunue kipaza sauti kipya.

Huyo karani naye. Najua atakachosema, kwa kuwa nimeshakaa na watu kama yeye wakilia ofisini kwangu: mshahara hautoshi. Huenda ni kweli. Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996, iliyochunguza rushwa nchini, ilitofautisha kati ya wanaopokea kwa sababu ya kipato duni na wanaokula kwa uroho, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Wanaopanga mishahara nao wana kesi mbele za Mungu. Ila Yohana Mbatizaji aliwaambia askari waridhike na mshahara wao, na watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Luka 3:13–14), na hakuna aliyedhani mishahara ya askari wale ilikuwa minono. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia waifanye. Na mwenye mshahara mdogo akimnyonya asiye na mshahara kabisa, sioni hoja yake inasimamia wapi.

Matoleo yake ndiyo yananisumbua zaidi. Unajua minada yetu baada ya ibada: jogoo analetwa, mayai, mkungu wa ndizi, na anayepandisha bei hadi elfu hamsini anapigiwa vigelegele. Sijui kama ile yako ilinunua jogoo. Lakini hesabu inakubali. Makuhani wakuu, waliomlipa Yuda wao wenyewe, vipande vile vya fedha viliporudishwa walikataa kuviweka katika sanduku la sadaka kwa kuwa ni kima cha damu (Mathayo 27:6). Wanafiki wale walikuwa na kikomo ambacho kamati zetu za ujenzi hazina. Mika 3:11 inawapanga kwenye mstari mmoja: wakuu wanahukumu kwa rushwa, makuhani wanafundisha kwa ijara, manabii wanabashiri kwa fedha, halafu wote wanasema Bwana yu katikati yetu. Binti akipata mimba nje ya ndoa tunamtenga, kisha tunamrudisha kundini mbele ya washarika wote. Katika utumishi wangu wote sijaona mtu akitengwa kwa kupokea rushwa. Nimeona wakichaguliwa wenyeviti wa harambee.

Akitubu, na namwombea atubu, toba yake ina kiasi. Askofu Agustino, mwalimu wa kanisa la kale, aliandika kwamba dhambi haisamehewi mpaka kilichonyang'anywa kirudishwe, ikiwa uwezo wa kurudisha upo. Walawi 6 inadai kilichonyang'anywa na sehemu ya tano juu yake. Zakayo alijipandishia mwenyewe hadi mara nne, na nusu ya mali kwa maskini, ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Kumpa mchungaji bahasha siyo kurudisha. Kurudisha ni kukurudishia wewe, na waliokaa benchini wakakata tamaa wakaacha kuja.

Kwako wewe: mweleze Mungu jambo la wale wawili, kwa maneno machache, halafu lifanyie kazi. Usisimame kuungama mbele ya usharika. Huko ni kuwapa watu cha kusimulia. Unawajua wale wajane kwa sura, na nadhani hata kwa vijiji vyao. Safari ijayo ondoka na gari la alfajiri uwakute. Barua ya kwa mkuu wa ofisi iandikwe kwa majina matatu, mafaili matatu, tarehe za kila mmoja. Kama mmoja wao hajui kuandika, wewe ni mwalimu, kaa naye pale benchini umwandikie, na karani akikuita uingie peke yako, mwambie mko watatu.